Majilisi ya walimu isiwe ghala la madaftari

Maradhi ya korona yalipozuka nchini mwezi wa Machi 2020 na shule zikafungwa, walimu wetu walilazimika kujifunza kwamba sehemu kubwa ya kazi yao yaweza kutendwa nje ya lango la shule. Baadhi ya madarasa yalirejea Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wengine wote wakarejea Januari 2021. Kazi ya mwalimu, hata hivyo, haikurejea yote. Leo maandalio ya masomo huandikwa usiku kwa simu, fomu za TPAD za Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hujazwa mtandaoni, na alama za tathmini za shuleni hupelekwa kwa Baraza la Mitihani, KNEC, kwa njia iyo hiyo. Mwalimu wa Naitiri sasa ana ofisi mbili: moja shuleni, na nyingine juu ya meza ya chakula nyumbani kwake.

Mijini, kampuni zilizoruhusu kazi mseto, yaani siku kadhaa ofisini na siku kadhaa nyumbani, zilikabiliwa na swali gumu: mtu aliyekwisha kuzoea kwake atavutwa na nini arudi? Kuna waliokimbilia makochi na rangi za kupendeza ukutani. Wenye busara waliuliza kwanza ni kazi gani isiyotendeka vyema nyumbani, kisha wakajenga kwa ajili ya kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, swali hilo linatuhusu sisi wa mashambani kuliko hata wao. Ni kweli kwamba mwalimu hana hiari ya kutofika darasani. Kipindi kikiingia, hana budi awepo. Lakini masomo yakiisha anaweza kufunga mkoba wake na kwenda zake, na hapo ndipo mwanafunzi anapohasirika.

Hebu tuzitazame majilisi za shule zetu za kutwa, huku tuliko kati ya Kitale na Bungoma. Nyingi nilizopata kuziingia ni chumba kimoja chenye meza ndefu katikati, madaftari yaliyorundikwa hadi dirishani, na soketi moja ya umeme inayogombewa na simu kumi. Paa ni la mabati bila dari, hivi kwamba mvua ya alasiri inaponyesha watu husemezana kwa ishara. Tangu Januari 2023, gredi ya saba ilipoanza katika shule za msingi, walimu wa sekondari ya chini nao wameongezwa humo humo.

Serikali ilipoanzisha mradi wa madarasa ya CBC mwishoni mwa 2021, lengo lilikuwa madarasa 10,000. Hatua hiyo ilifaa. Hata hivyo, sikumbuki kumsikia kiongozi yeyote akijivunia idadi ya majilisi alizojenga. Darasa huhesabiwa, mahali pa kumwandalia mwanafunzi somo la darasa hilo hapahesabiwi.

Ni kazi gani, basi, isiyotendeka nyumbani? Naona ni tatu. Ya kwanza ni walimu kushauriana: wa Hisabati na wa Sayansi kutambua kwamba mtoto mmoja anawashinda wote wawili kwa sababu ile ile. Ya pili ni kusahihisha kazi huku mwenye daftari yupo, aonyeshwe kosa lake. Ya tatu, na nzito kuliko zote, ni mazungumzo ya siri. Msichana mwenye jambo linalomtesa nyumbani hawezi kulieleza mbele ya walimu kumi wanaokunywa chai. Atasema ni karo tu, kisha ataondoka, na pengine hatarudi.

Kazi hizo hazihitaji marumaru. Zinahitaji meza ndogo badala ya ile moja ndefu, rafu za kuyaondoa madaftari dirishani ili mwanga uingie, dari ya kuzuia kelele, soketi za kutosha na mtandao unaolipiwa na shule wala si na mfuko wa mwalimu. Zaidi ya hayo, pawepo chumba kidogo cha faragha, hata kama ni pembe iliyotengwa kwa mbao. Maseremala wa soko la Naitiri waiweza kazi hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba pesa hazipo na kwamba vyoo ndivyo vya kwanza. Kwa shule isiyo na vyoo, sina ubishi. Lakini zipo shule zenye lango la fahari na ofisi ya mkuu yenye zulia, ilhali walimu wake husahihishia magotini. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango. Shule ya namna hiyo haikukosa pesa, ilikosea kupanga.

Rai yangu kwa bodi za shule ni hii: kabla ya kuidhinisha ujenzi mwingine, waulizeni walimu wenyewe ni nini huwafanya waondoke mapema. Kisha pimeni majilisi yenu kwa kipimo kimoja tu: mwanafunzi mwenye swali saa kumi alasiri, je, atamkuta wa kumjibu?