Ngoma Inamtazama Nani?

Katika sherehe za hadhara wilayani Kondoa, kama ilivyo kwingineko nchini, mpangilio wa viti huwa umekwisha kuamuliwa kabla mwananchi wa kwanza hajafika uwanjani. Meza kuu huwekwa chini ya turubai, pamoja na makochi na maji ya chupa. Watumishi na wageni waalikwa hupata viti vya plastiki pembeni yake. Wananchi waliosalia husimama juani. Kisha kikundi cha ngoma huitwa, nacho hucheza kikiielekea meza kuu. Waliosimama upande wa pili huambulia migongo.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni suala dogo la itifaki. Mimi nadai kwamba ni suala la kisiasa. Mahali anapowekwa mtazamaji huamua atakachokiona, na huamua pia msanii anazungumza na nani. Ngoma ichezwapo kijijini, watu huizunguka. Anayetaka kuona vizuri husogea, na aliyepandwa na mori huingia akacheza. Meza kuu imelikata duara hilo: imejitwalia nyuso za wachezaji, ikawaachia wenye ngoma yao kisogo.

Isidhaniwe kwamba heshima imo katika neno "mbele". Katika majumba ya sinema ya zamani mijini mwetu, viti vya mbele, vilivyo karibu mno na skrini, ndivyo vilivyokuwa vya bei nafuu, kwa kuwa mtazamaji alilazimika kuinua shingo muda wote. Wenye uwezo walikaa nyuma au juu roshani. Uwanjani mambo yamegeuka: mkubwa amekuja mbele, na mdogo amesukumwa nyuma. Kisichobadilika ni kwamba mahali panapoonekana vizuri huenda kwa mwenye nguvu.

Hata kibanda umiza, pamoja na joto lake, mabenchi yasiyo na egemeo na uhaba wa wanawake ndani yake, kina usawa ambao uwanja wa sherehe hauna. Kiingilio ni kimoja, na awahiye ndiye achaguaye. Kijana akitaka kukaa katikati ili aione picha yote, au karibu na mlango ili apate hewa, hahitaji kadi ya mwaliko.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa nchini. Katika miaka ya 1980, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, waliendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika vijiji kama Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji waliyachambua matatizo yao, wakayatungia ngoma na maigizo, kisha wakayajadili pamoja na watazamaji. Mjadala wa namna hiyo hauwezekani iwapo mtazamaji amewekwa nyuma ya mchezaji.

Sipendekezi kiongozi asimamishwe juani. Mgeni ana heshima yake, na usalama wa viongozi una taratibu zake. Lakini halmashauri zetu, ya Mji na ya Wilaya, zinaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, viti vipangwe kwa duara au nusu duara, na vikundi vielekezwe kucheza pande zote. Pili, kivuli kigawiwe kwa mahitaji: wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wakae kabla ya watumishi vijana. Tatu, watu wenye ulemavu watengewe mahali wanapoona na kusikia, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutungwa kwa ajili ya kupambia hotuba.

Ratiba ya sherehe ijayo itakapoandaliwa, Afisa Utamaduni na ajiulize swali moja kabla ya kuhesabu makochi: mwananchi aliyetoka kijijini kwa miguu kuja kuitazama ngoma ya kwao, ataziona nyuso au migongo?