Lissu, Zitto na kiti cha Kigoma: kauli ya mwanasheria wa chama ilivyomgharimu mbunge

Machi 2015 Mahakama Kuu iliitupa kesi ya Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliyetaka kuizuia Chadema isijadili uanachama wake. Mara baada ya uamuzi huo, Tundu Lissu, mwanasheria mkuu wa chama, akatangaza kuwa Zitto si mwanachama tena, kwa kuwa amekishtaki chama chake.

Ibara ya 71 ya Katiba ya nchi inamvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, na mgombea binafsi haruhusiwi. Wakili wa chama, basi, anatafsiri kanuni za ndani, jimbo linabaki bila mbunge. Kwa sheria Lissu alikuwa na hoja. Lakini waliopiga kura Kigoma Kaskazini hawakuulizwa, na hilo ndilo linalotusumbua.

Zitto aliaga bungeni, akaingia ACT-Wazalendo. Oktoba mwaka huohuo wapiga kura wa Kigoma Mjini, Bangwe ikiwemo, wakamrudisha Dodoma.

Lissu naye alivuliwa ubunge mwaka 2019 kwa utoro, akiwa Ubelgiji akitibiwa majeraha ya risasi za Septemba 2017. Mwaka 2020 alipogombea urais, Zitto (ndiyo, yuleyule) alimuunga mkono. Januari 2025 Lissu akawa mwenyekiti wa Chadema, na Aprili akashtakiwa kwa uhaini, kesi aliyoamua kujitetea mwenyewe.