Rothenburg hadi Nördlingen: acheni A7, shikeni B25

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri, ila kwenye njia naomba nikupinge. Anayetoka Rothenburg ob der Tauber kwenda Nördlingen asiikimbilie barabara kuu ya A7. Ashike B25, kipande cha ile Romantische Straße iliyoanzishwa mwaka 1950 kati ya Würzburg na Füssen. Hata kilomita 100 hazifiki, lakini tengeni siku nzima.

Usiku wa kwanza laleni Rothenburg. Mabasi ya watalii yakiondoka jioni, mji unatulia. Pandeni ukutani msome majina yaliyochongwa kwenye mawe. Ni ya watu waliochangia kuujenga upya baada ya mabomu ya Machi 1945. Feuchtwangen, kahawa inatosha. Dinkelsbühl simameni walau kwa kanisa la Mtakatifu Georg.

Nördlingen ndiyo iliyoniteka moyo. Mji wote umekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo miaka kama milioni 15 iliyopita! Wanaanga wa Apollo 14 walipelekwa huko mwaka 1970 kujifunza mawe. Na mawe ya kanisa lao kuu yana chembe za almasi, ndogo mno kuonekana kwa macho. Zungukeni juu ya ukuta, haujakatika popote, kisha mpande vidato 350 vya Daniel, mnara wa kanisa hilo. Tafadhali msiondoke kabla ya saa nne usiku, mlinzi wa mnara anapoita kutoka juu. Mimi nilisimama uwanjani na wanangu, tukanyamaza wote hadi alipoita tena.