Wauguzi wakigoma, wodi ya uzazi isifungwe

Juni 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma nchi nzima, wakidai mkataba wa mishahara na marupurupu. Walirudi kazini Novemba. Kwa miezi hiyo mitano mwenye pesa alikwenda hospitali za kibinafsi. Maskini wa Mji wa Kale alibaki na dua.

Kugoma ni haki, imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba. Lakini Kifungu cha 43 nacho kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki mbili hizi zisigombane juu ya kitanda cha mgonjwa.

Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, basi suluhisho lianze hapa Mombasa. Kaunti na chama cha wauguzi waandikiane mapema, kabla ya ilani ya mgomo: nani atabaki zamu Hospitali Kuu ya Pwani, katika wodi ya uzazi, ya watoto wachanga, chumba cha dharura na cha wagonjwa mahututi. Na kaunti itimize inachokisaini, maana ahadi zikivunjwa ndipo migomo huzaliwa.

Mama aliyeshikwa na uchungu haambiwi angoje mazungumzo yaishe.