Maganda ya Kahawa si Takataka

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa darasa letu alikosa masomo siku nne. Aliporudi tulimwuliza sababu. Akajibu, "Baba alinichukua tukafyeke msitu, Mwalimu. Shamba la zamani limechoka, kahawa haizai tena."

Jumapili baada ya Misa tukaenda kumsalimu baba yake, njia ya Yangambi. Tulipokaribishwa uani, tuliona nyuma ya nyumba lundo la maganda ya kahawa, kimo cha mtu, jeusi kwa mvua.

"Baba, lundo hili ni la nini?"

"Ni takataka, Mwalimu. Tangu zamani twatupa hapo."

Basi, wasomaji wapenzi, jibu hilo ndilo linalotufanya tuandike juma hili. Mzee huyo alikuwa akitafuta rutuba msituni kwa shoka, na rutuba yake mwenyewe ilikuwa ikipotea nyuma ya nyumba.

Tufanye hesabu kidogo. Kahawa yetu ya robusta twaianika pamoja na ganda lake mpaka ikauke, kisha twaikoboa. Katika kilo 100 za kahawa kavu isiyokobolewa, punje za kuuza ni karibu kilo 50 tu. Zinazobaki ni maganda. Na maganda hayo yamebeba sehemu kubwa ya chakula ambacho mti umekivuta ardhini, hasa potasi, ambayo mti huihitaji sana wakati wa kuzaa. Robusta ni mti wa misitu yetu ya Kongo. Huko msituni tunda lisilochumwa huanguka, likaoza na kuirudishia ardhi chakula chake. Sisi twachuma kila mwaka wala haturudishi. Shamba la namna hiyo halichoki kwa uzee, lachoka kwa njaa.

Yafaa kufanya nini? Kwanza, mboji. Panga tabaka la maganda, juu yake majani mabichi, kisha samadi ya mbuzi au ya kuku, na majivu kidogo. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kifuani. Lilowe kiasi, lisijae maji. Lifunike kwa majani ya migomba, maana potasi huyeyuka upesi, na mvua ya Kisangani haina huruma. Baada ya siku chache chomeka fimbo katikati, kisha uichomoe: ikiwa ya moto, kazi inakwenda vema. Geuza lundo kila majuma mawili au matatu, ya nje yaingie ndani. Baada ya miezi mitatu au minne litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo. Hapo lipeleke shambani, ulitandaze kuzunguka miti, lisigusane na shina.

Lakini hapa twaomba mtusikilize sana. Upo ugonjwa wa mnyauko wa kahawa, ulioharibu mashamba mengi ya Kongo tangu miaka ya 1970, ukaonekana Uganda mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1997. Majani hugeuka manjano na kupukutika, mti hukauka, na ukikwangua gome waona rangi nyeusi ya kibuluu. Kuvu inayouleta yaweza kusafiri ndani ya maganda. Kwa hiyo usichukue maganda mabichi ya shamba lenye ugonjwa, wala yale ya mashine usiyojua yametoka wapi, ukayatandaza chini ya miti yako. Ungekuwa umeyaleta mauti kwa kikapu.

Maganda ya namna hiyo yanafaa kwa moto. Yachomeke ndani ya pipa lenye hewa kidogo mpaka yawe meusi, si majivu. Yaponde, changanya na uji mzito wa muhogo, finyanga madonge, yaanike juani. Hayo ni makala ya kupikia, na mama wa nyumbani atapunguza fedha anazotoa sokoni. Wala hili si jambo la mzaha: huko Uganda kiwanda cha saruji cha Hima kimetumia maganda ya kahawa katika matanuru yake makubwa.

Tulirudi kwa yule mzee mwezi uliopita. Miti yake tuliikagua, haina mnyauko. Lundo limepangwa upya, limefunikwa kwa majani ya migomba, na fimbo yake ilitoka ya moto. Kahawa yake itajibu msimu ujao, si kesho. Mzee mwenyewe bado ana mashaka, wala hatumlaumu. Lakini shoka lake limetundikwa ukutani, na kijana yu darasani.

Nawe, ndugu msomaji, kabla hujanoa shoka, tazama kwanza nyuma ya nyumba yako.