Gari Limeinuka, Lakini Halijaongezeka Nguvu

Labda kijiji chako kina pikapu. Labda ni ya kikundi chenu, au ya jirani yako. Labda ni ya zamani, inakwenda kwa dizeli, na mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Injini ni nzima. Lakini nyuma imelala. Ukipakia magunia matano tu, bodi inakaribia kugusa tairi. Ndipo mtu anasema, "Tuongeze springi."

Neno hilo nataka tulizungumze leo. Mimi si fundi. Ni mwanachama wa kikundi cha wakulima huku milimani Mbinga. Tulisema neno hilo, tukalifanya, na likatugharimu. Siku chache zijazo tutakaa tena kuamua juu ya gari lile lile. Mawazo yangu ni haya: kuongeza springi si kuongeza uwezo wa gari. Anayekuambia kwamba ni kitu kimoja anakudanganya, au amejidanganya mwenyewe.

Kwanza tuangalie springi yenyewe. Siku moja inama nyuma ya pikapu, uangalie chini. Utaona vipande vya chuma, virefu na vyembamba, vimelaliana kama kurasa za kitabu. Mafundi huviita majani. Cha juu ni kirefu. Vya chini vinazidi kuwa vifupi. Bolti ya katikati inavishika pamoja visitawanyike. Kisha bolti mbili zenye umbo la herufi U zinaifunga springi nzima kwenye ekseli, yaani lile gogo la chuma linalobeba magurudumu.

Springi imepinda kama upinde. Mzigo ukikaa juu yake, upinde unanyooka. Mzigo ukishuka, upinde unarudi. Chuma kikinyooka kinarefuka, kwa hiyo ncha moja ya springi imefungwa kwenye kipande kinachoweza kucheza mbele na nyuma. Kwenye ncha hizo mna raba, nazo huitwa bushi. Pembeni kuna kidude kama pampu ya baiskeli, chenye oili ndani. Hiyo ni shokamzoba. Vijana wanaiita shokapu. Kazi yake si kubeba mzigo. Kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo.

Sasa nikueleze yaliyotupata.

Pikapu yetu ni Hilux ya dizeli, yenye injini ya lita 2.8. Ni ya namna ile iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1988 hadi 1997. Ni ya tani moja. Tuliinunua ikiwa imekwisha kuzeeka. Kutoka kijijini hadi mjini ni kilomita 38 za kupanda na kushuka. Tulikuwa tunapakia magunia 9 ya mahindi, na gari lilikuwa linalala nyuma kama kuku anayeatamia. Tukalipeleka gereji mjini. Fundi akasema, "Nitawawekea majani mawili ya lori kila upande. Hamtarudi tena hapa kwa springi." Tulifurahi sana. Mwenyekiti alitoa fedha siku ile ile.

Gari lilirudi limesimama kama beberu. Kila mtu alilisifu. Na hapo ndipo tulipokosea, kwa maana macho yetu yalituambia gari limepata nguvu. Wiki ile tukapakia magunia 12.

Tupige hesabu pamoja. Chukua penseli. Magunia yetu yalikuwa ya lumbesa. Wewe unaijua lumbesa: gunia limeshonewa kilemba juu, wala si kilo 100 tena. Tuseme kila moja kilo 120. Mara 12 ni kilo 1,440. Mbele walikaa watu watatu na juu ya mzigo sita. Jumla watu tisa. Tuseme kila mtu kilo 60. Hizo ni kilo 540. Jumlisha: kilo 1,980. Pikapu ni ya tani moja, yaani kilo 1,000. Tulikuwa tumeipakia karibu mara mbili, na kwa kuwa haikulala nyuma, hakuna aliyeona.

Kabla ya hapo springi ilikuwa inatuonya. Ilipolala ilikuwa inasema, "Punguzeni." Sisi tukailipa ili inyamaze.

Fikiri, ndugu msomaji. Tulibadilisha springi. Je, tulibadilisha ekseli? Hapana. Beringi za magurudumu? Hapana. Tairi? Breki? Hapana. Chesisi, yaani mifupa ya gari, ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mtu akivaa viatu vipya vyenye soli nene, je, magoti yake yamepata nguvu?

Kwa upande wa breki kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka tulipoumia. Pikapu nyingi za namna hii zina fimbo ndogo ya chuma huko nyuma, kutoka kwenye ekseli hadi kwenye kidude kilichofungwa chini ya bodi. Kidude hicho kinapima gari limelala kiasi gani. Gari likilala, kinajua kuna mzigo, na kinaruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu. Gari likiinuka, kinajua ni tupu, na kinapunguza nguvu za breki za nyuma ili magurudumu yasiteleze. Sasa sisi tuliweka majani magumu ya lori. Gari lilijaa mzigo, lakini halikulala. Kidude kikaona gari ni tupu. Breki za mbele zikaachiwa karibu kazi yote, kwenye mteremko mrefu, na mzigo wa tani mbili ukizisukuma.

Safari ya tano, breki zilipata moto zikalegea. Dereva alifanya la maana. Aliligongesha gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa kulia, maana upande wa kushoto ni korongo. Magunia yaliruka. Kijana mmoja aliyekaa juu yake alivunjika mguu. Leo anatembea, lakini anachechemea, na hapandi tena juu ya mzigo wa gari lolote. Gari lilipokaguliwa, chesisi ilionekana ina ufa nyuma ya kibanda cha dereva. Ufa ule haukuletwa na ajali. Ulikuwa na kutu ndani yake. Ulikwisha kuanza zamani kidogo, tangu springi zilipokataa kunyooka na kila shimo likawa linapiga mifupa yenyewe.

Mwanachama mwenzetu, mzee ninayemheshimu, anasema nalaumu springi bure. Anasema, "Mbona magari ya wenzetu yanaongezwa majani kila siku, nayo yanakwenda?" Mzee ana haki kidogo. Barabara zetu ni mbovu. Gari linalobeba mzigo kila siku kwenye mawe, jani moja zaidi laweza kulisaidia lisigonge ekseli kwenye chesisi. Hilo silikatai. Lakini jani moja la kufaa ni kitu kimoja, na majani mawili ya lori ni kitu kingine.

Tazama unene. Majani ya springi yetu yalikuwa na unene wa milimita 6 hivi. Ya lori yalikuwa milimita 12. Utasema yamezidi ugumu mara mbili. Sivyo. Chuma cha springi chenye upana na urefu ule ule, ukizidisha unene wake mara mbili, ugumu wake unazidi mara 8. Kwa hiyo jani nene linabeba karibu mzigo wote, na yale membamba yanakaa tu kama wageni. Gari likiwa tupu ni balaa nyingine: nyuma inarukaruka kwenye makorogesho, tairi haishiki barabara, na kwenye kona gari linataka kugeuka peke yake. Dereva wetu alilisema hilo siku ya kwanza. Tulimwambia atazoea.

Basi kwenye mkutano nitasema nini? Maana gari tunalihitaji. Bila gari, mlanguzi anakuja mwenyewe mlangoni na bei yake mfukoni.

Nitasema kwanza chesisi ifungwe na fundi anayejua kazi ya chesisi, aweke na bamba la kuitia nguvu. Asipopatikana wa hapa karibu, tungoje. Kisha majani ya lori yatoke. Yale yetu ya zamani yakaguliwe moja moja. Lililovunjika libadilishwe kwa jingine lenye upana ule ule, unene ule ule na mpindo ule ule. Lisichomelewe. Chuma cha springi hupikwa kwa moto maalumu ili kiweze kupinda na kurudi. Ukikichomelea, mahali pale panaharibika, na kitakatika hapo hapo au karibu yake. Nimewahi kuona jani lililochomelewa mara tatu. Lilikuwa na makovu kama mbwa wa sokoni.

Bushi zote ziwe mpya. Hizi ni vitu vidogo, na watu huzidharau, lakini bushi ikiisha springi inacheza ovyo na gari halifuati usukani vizuri. Kuna wanaomwaga oili chafu kwenye springi ili isilie. Oili ile inaila raba ya bushi. Afadhali ilie.

Bolti za herufi U nazo ziwe mpya, maana zikishavutwa mara moja zinarefuka, hazishiki tena kama mwanzo. Na baada ya safari mbili au tatu zenye mzigo, lazima zikazwe tena. Zikilegea, bolti ndogo ya katikati inabeba peke yake, inakatika, ekseli inasogea, na gari linatembea upande kama kaa. Ukilifuata gari kwa nyuma na kuona mwili wake umekaa mshazari barabarani, mwambie dereva asimame.

Shokamzoba nne mpya, za namna inayofaa gari letu, si ndefu kupita kiasi kwa sababu zinapendeza. Ya zamani ina oili imevuja hadi nje. Imekufa. Hayo yote yakiisha, na kama wanachama bado wanataka jani moja la nyongeza kila upande, nitakubali, kwa sharti hili: ile fimbo ya breki irekebishwe siku hiyo hiyo, na taa za mbele zipimwe, maana gari lililoinuliwa nyuma linamulika miguu yake badala ya njia.

Jambo la mwisho nitakalosema halihusu fundi. Linatuhusu sisi tunaojua kusoma. Kadi ya gari inaandika uzito wa gari tupu na uzito wake likiwa limejaa. Toa kidogo kwenye kikubwa. Tuseme tupu ni kilo 1,500 na limejaa ni kilo 2,500. Kinachobaki ni kilo 1,000, na humo ndani wamo na watu. Ukitaka uhakika zaidi, soma ubavuni mwa tairi. Tairi nyingi zina namba ya kilo ambazo moja yake inaweza kubeba. Namba hizo hazibadiliki kwa sababu fundi ameinua gari.

Najua watakachojibu. Watasema magunia 7 kwa safari ni hasara. Nimepiga hesabu hiyo pia. Kwenda na kurudi mjini ni kilomita 76. Gari letu linakula lita moja kwa kilomita 8 hivi. Safari moja ya ziada, basi, ni kama lita 10 za dizeli na siku moja ya dereva. Nimeandika bei yake kwenye karatasi. Pembeni nimeandika tulicholipa kwa majani ya lori, kwa kuvuta gari kutoka mlimani, kwa hospitali ya yule kijana, na magunia manne yaliyopasukia korongoni.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mwembe karibu na ghala. Nimemwomba yule kijana aje, akae mbele, naye asome karatasi hiyo kwa sauti. Alijifunza kusoma katika darasa hili hili, miezi ile alipokuwa hawezi kwenda shamba.