Msahihishaji wa Historia ya Dini na Kisingizio cha Sarufi

Tangu Wikipedia ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 2003, na hasa baada ya shindano la uandishi lililodhaminiwa na Google miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania mnamo 2009 na 2010, kusahihisha makala ya kamusi elezo kumehesabiwa kuwa kazi halali ya mwanafunzi wa Kiswahili. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, pamoja na kazi hiyo kumeingia dhana moja inayostahili kupingwa: kwamba msahihishaji ni mtu wa sarufi na tahajia tu, na kwamba ukweli wa yaliyoandikwa ni mzigo wa wanahistoria. Dhana hiyo haina mashiko popote. Makala yanapohusu filamu ya historia ya dini, na msahihishaji akawa ameketi Machakos, dhana hiyo hugeuka kuwa kisingizio.

Mfano mwafaka ni The Africans: A Triple Heritage, mfululizo wa vipindi tisa ulioandikwa na kusimuliwa na marehemu Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, na kuonyeshwa Uingereza na Marekani mwaka 1986. Kipindi cha tatu, New Gods, kinahusu dini: zile za asili ya Afrika, Uislamu na Ukristo, na jinsi zilivyokutana katika bara moja. (Filamu za aina hii zenyewe hazijapata jina moja katika Kiswahili. Wapo wasemao filamu ya hali halisi, wapo wasemao filamu ya makala, na wapo waandikao dokumentari na kupita.) Mwanafunzi akabidhiwapo makala juu ya kipindi hicho ili ayapige msasa, swali la kwanza humngoja katika jina lenyewe. Je, aandike miungu mipya au miungu wapya?

Wanasarufi wana majibu mawili. Kwa umbo, neno miungu limebeba kiambishi cha mi-, na tafsiri za Biblia zilizozoeleka hulipatanisha kama miti, mito na mizigo. Kwa maana, linahusu viumbe wenye uhai na nia, na kanuni ya ngeli ya A-WA ingetaka wapya. Anayechagua mipya amefuata mapokeo ya watafsiri ambao, kwa imani yao, miungu mingine yote ilikuwa vitu vya mbao na mawe. Anayechagua wapya ameipa miungu hiyo uhai ambao wafuasi wake waliukiri. Mapokeo yana uzito wake, na mipya haiwezi kuitwa kosa. Lakini asiseme mtu kwamba amechagua kiambishi tu.

Kwa msahihishaji wa Ukambani suala hili liko karibu zaidi. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 kwamba waliokufa lakini bado wanakumbukwa kwa majina hawajaondoka katika jamii. Aliwaita wafu walio hai. (Katika kitabu hicho hicho cha Kiingereza alihitaji maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, ili aeleze dhana ya wakati. Wanafunzi wa Kiswahili hawajalitumia vya kutosha jambo hilo.) Wakamba huwaita wafu hao aimu, na neno hilo huanza kwa a- ile ile ya Akamba. Sasa mswada wa kamusi elezo ukija na maneno kama "Waafrika waliabudu mapepo", msahihishaji wa sarufi hataona kosa lolote. Nomino ipo, kitenzi kipo, wakati uliopita umewekwa mahali pake. Lakini mapepo na aimu si kitu kimoja, na kuwatolea wazee kinywaji si lazima iwe ni kuwaabudu. Mbiti mwenyewe, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana, alilipinga jina la ibada ya mizimu. Ikiwa kasisi alijizuia, mhariri ana udhuru gani?

Vitenzi navyo hutoa hukumu kimyakimya. Kuandika kwamba wamisionari walileta dini ni kusema kwamba hapakuwa na dini. Wakamba walikuwa na jina Mulungu na jina Ngai, walikuwa na mathembo yao ya kutolea sadaka, kabla ya mgeni yeyote kupanda kutoka pwani. Kilicholetwa ni Ukristo, na neno lililopo latosha. Hali kadhalika kuongoka, kuokoka na kusilimu ni maneno mazuri yenye makao yake kanisani na msikitini. Katika kamusi elezo kila moja huwa tayari limeshachukua upande. Mtu aliingia Ukristo, au aliingia Uislamu. Zaidi ya hapo ni ushuhuda.

Makosa ya tafsiri za kompyuta yanahitaji maneno machache tu, kwa kuwa yanajionyesha yenyewe: mchungaji anayegeuka waziri kwa sababu Kiingereza huwaita wote wawili kwa neno moja, na ibada ya Jumapili inayoitwa huduma. Haya huchekesha, kisha husahihishwa. Hatari ni sentensi isiyochekesha.

Makala juu ya filamu kwa kawaida huwa na sehemu ya usuli, na hapo mwanafunzi wa Machakos hutamani kuongeza ya kwao. Ni tamaa njema, maana mji huo una chuo cha theolojia kilichoanzishwa mwaka 1962 na kupewa jina la Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission. Basi huandikwa kwamba Scott alifungua kituo chake cha kwanza katika Kaunti ya Machakos mwaka 1895, na ndipo Ukristo ulipofika Ukambani. Lugha ni safi. Kituo, hata hivyo, kilikuwa Nzaui, ambako leo ni Makueni, eneo lililotengwa na Machakos kuwa wilaya mwaka 1992. Na kaunti ni zao la Katiba ya mwaka 2010. Tena Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wamekwisha kufika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na kabla yao Ludwig Krapf alikuwa amepokewa na Kivoi huko Kitui mwaka 1849, na Injili ya Marko aliyoifasiri kwa Kikamba ikachapishwa mwaka uliofuata. Kwa sentensi moja isiyo na kosa la sarufi, watu wote hao wamefutwa.

Jambo zito kuliko yote ni nani anayesema. Filamu ya Mazrui haikuwa kitabu cha kumbukumbu. Ilikuwa hoja ya mtu mmoja mwenye ulimi mkali. Nchini Marekani, Lynne Cheney, aliyekuwa mwenyekiti wa National Endowment for the Humanities, wakfu wa serikali uliochangia fedha, aliagiza jina la wakfu huo liondolewe katika orodha ya waliosaidia, akidai kwamba filamu iliishambulia Magharibi. Wole Soyinka naye alimshutumu Mazrui kutoka upande mwingine kabisa, kwamba aliupendelea Uislamu na kuzipunja dini za asili, na wawili hao wakajibizana katika jarida la Transition mwaka 1991. Makala yanayosema "Uislamu ulikubaliana na utamaduni wa Kiafrika kuliko Ukristo" yameigeuza hoja ya filamu kuwa ukweli wa kamusi. Kinachohitajika ni maneno mawili, "Mazrui anadai", na baada yake nafasi kwa wapinzani wake. Maneno mawili hayo hayawezi kuongezwa na msahihishaji ambaye hajaitazama filamu. Na ni wangapi huitazama? Wengi huisoma tafsiri, wakaisahihisha tafsiri, wakatia sahihi.

Huenda ikadaiwa kwamba haya ni kumtwika mwanafunzi kazi ya mwanatheolojia. Si hivyo. Hakuna anayemtaka aamue kama aimu wapo. Anatakiwa atambue kwamba neno alilolipitisha limeshaamua, na kwamba jina lake limo katika historia ya ukurasa, ambapo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe.

Limebaki tatizo moja ambalo bidii ya mtu binafsi haiwezi kulitatua. Kanuni za Wikipedia hutaka kila dai litegemee chanzo kilichochapishwa. Mzee wa Mumbuni au Kangundo anayejua thembo lilikuwa wapi, na nani alitoa sadaka hapo, si chanzo. Kitabu cha Msweden Gerhard Lindblom juu ya Wakamba, kilichochapishwa Uppsala karne moja iliyopita, ni chanzo. Kanuni hiyo haitabadilishwa na malalamiko ya wanafunzi. Kinachoweza kubadilishwa ni kile kilichochapishwa. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vina majarida, na majarida hayo yana kurasa ambazo kila mwaka hujazwa uchambuzi wa riwaya zile zile tano au sita. Mahojiano na wazee wa Machakos, yakifanywa kwa Kikamba na kuandikwa kwa Kiswahili, yakiwa na tarehe, mahali na idhini ya msemaji, yakipitiwa na mhadhiri kabla ya kuchapishwa, yangeweza kutajwa chini ya makala ya kamusi elezo kama kitabu chochote cha Uppsala. Wazee wa kuhojiwa bado wapo, ingawa si wengi.